Chanzo Kiko Wapi?

Kishikwambi kiko juu ya meza, katikati ya madaftari yanayosubiri kusahihishwa. Ni kimoja kati ya vile vilivyotumika kuhesabu watu katika sensa ya Agosti 2022, kisha vikagawiwa walimu. Kwenye kioo umefunguliwa ukurasa wa Wikipedia ya Kiswahili unaohusu kata: wilaya gani, mkoa gani, wakazi wangapi, msimbo wa posta, basi. Tanzania Bara ina kata karibu 4,000, na nyingi zina ukurasa wa namna hii. Wanaohariri Wikipedia ya Kiswahili huziita makala fupi hizi mbegu. Ni jina zuri, ila nyingi zimekaa ardhini miaka mingi bila mtu wa kuzimwagilia.

Waliozunguka meza nimewaketisha mimi. Majina sikuwapa, na kikao chenyewe nimekitunga. Hoja zao sikuzitunga. Nimezisikia kwa miaka kwenye ofisi za walimu, kwenye vikao vya wazazi na kwenye mabasi ya kurudi nyumbani kutoka semina. Chumba nilichowapa ni ofisi ya walimu ya sekondari moja ya kata katika milima ya Usambara. Ni Ijumaa jioni, mvua haijakatika, na gari la kushuka Mombo limechelewa, kwa hiyo hakuna mwenye haraka.

Mwalimu wa Historia ana pendekezo. Anataka wanafunzi wa kidato cha pili wagawanywe kwa vikundi, kila kikundi kikuze makala ya kata moja humo humo mtandaoni, mbele ya macho ya watu, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya somo. Mwalimu wa Taaluma hataki. Yupo mama mmoja, mjumbe wa bodi ya shule, mkulima wa kabichi na karoti. Yupo Mzee, mkutubi mstaafu, ambaye penye mazungumzo ya vitabu hakosi. Na yupo dada aliyesoma shule hii hii, akaenda Chuo Kikuu Ardhi, leo amekuja kumsalimia bibi yake akasikia kikao akaingia.

MWALIMU WA TAALUMA: Nianze mimi, maana ratiba iko mikononi mwangu. Mwenzangu, mimi si adui wa mtandao. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona tarehe 17 Machi 2020, aliyefungua grupu la WhatsApp la kidato cha nne ni mimi. Nilipiga picha kurasa za vitabu, nikatuma maswali, nikarekodi sauti yangu usiku wa manane kwa sababu bando la usiku ndilo nililoweza. Tuliporudi tarehe 29 Juni nikauliza nani alifanya kazi zile. Walionyoosha mikono ni wale ambao baba au kaka ana simu janja. Wengine walinakili majibu ya wenzao. Na grupu lenyewe nilipolirudia kutafuta maswali yangu, nilipita katikati ya salamu za asubuhi na maelekezo ya kujifukiza mpaka nikachoka. Sasa unaniambia tuanze tena?

MWALIMU WA HISTORIA: Ulifanya kazi kubwa, na wale watoto wanakukumbuka kwayo. Lakini tazama ulichokuwa unafanya. Ulikuwa unahutubia. Ulichukua ubao ukaubandika kwenye simu. Mtoto alibaki pale pale alipokuwa darasani, anapokea. Tena grupu halina kumbukumbu: kilichosemwa Jumatatu, Jumatano kimezikwa. Ninachokiomba mimi ni mtoto aandike kitu ambacho mtu asiyemjua atakisoma, atakitilia shaka, atakirekebisha, na marekebisho yote yatabaki yanaonekana. Nyuma ya kila ukurasa wa Wikipedia kuna historia yake: nani aliongeza nini, saa ngapi, nani akaondoa. Na kuna ukurasa wa majadiliano, pale wanapobishana. Mimi nafundisha historia. Sijawahi kupata kifaa cha kumwonyesha mtoto jinsi maelezo ya jambo yanavyojengwa, tofali kwa tofali, kama kile.

TAALUMA: Na kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani itaulizwa?

HISTORIA: Haitaulizwa.

TAALUMA: Basi.

HISTORIA: Subiri. Nina mvulana mmoja wa mwaka jana, alijaribu mwenyewe likizo kwa simu ya mjomba wake. Akaandika kwamba kata yao ndiyo nzuri kuliko zote katika wilaya na watu wake ni wakarimu. Haikufika jioni, maneno yamefutwa. Akanijia amekasirika, anasema wamemdharau. Nikamwambia aulize kwenye ukurasa wa majadiliano. Akauliza. Akajibiwa kwa upole na mtu asiyemjua: chanzo kiko wapi? Mwalimu, mtoto yule amesoma miaka saba ya msingi na miwili ya sekondari, na hilo ndilo swali ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumuuliza. Sisi tunamuuliza jibu ni lipi. Akitupatia lile lililo kwenye daftari tunampa vema. Mtu wa mbali, tena wa kujitolea, ndiye aliyemuuliza amelijuaje.

Hapa Mwalimu wa Taaluma ananyamaza kidogo, nami nakiri kwamba nilipolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, kwa maneno mengine na mahali pengine, nilikaa nalo siku kadhaa. Nimewahi kushika chaki. Nikipitia kichwani masahihisho yangu yote naona alama za vema na za kosa, na hapa na pale neno "fafanua". Sikumbuki kuandika "umejuaje?" pembeni mwa insha ya mtoto.

MZEE: Wanangu, mnaongea kana kwamba jambo hili limezaliwa na hivyo vioo. Mwaka 1973 nilikuwa kijana, nikachaguliwa kuwa kiongozi wa kikundi cha Mtu ni Afya. Mnakumbuka? Hamwezi kukumbuka. Nchi nzima, watu kama milioni 2, wiki 12. Tulikuwa tunakusanyika chini ya mti au kwenye jengo la chama, redio moja, kitabu kimoja kimoja kwa wanaojua kusoma. Kipindi kinatoka Radio Tanzania, cha malaria, wiki nyingine kichocho, wiki nyingine kuhara. Kikiisha, redio inazimwa. Hapo ndipo somo linaanza. Kiongozi anauliza: haya tuliyosikia, hapa kwetu yakoje? Mto wetu uko hivyo? Choo cha nani kimebomoka? Na hatuondoki mpaka tumekubaliana la kufanya. Vyoo vilichimbwa, Mwalimu. Si kwa sababu redio ilisema. Redio ilikuwa inasema kila siku. Vilichimbwa kwa sababu tulikaa tukabishana.

DADA: Babu, redio moja kwa watu wangapi?

MZEE: Kumi na watano, ishirini.

DADA: Basi Mwalimu wangu wa Taaluma, ulinifundisha Hisabati, kwa hiyo nasema kwa heshima. Hoja ya simu kutotosha inajibiwa na hesabu ya babu. Kila mtoto hahitaji simu. Kikundi kinahitaji kishikwambi kimoja na mtu wa kuuliza "kwetu yakoje".

TAALUMA: Redio haikuwa inauliza bando.

HISTORIA: Ilikuwa inauliza betri, na zilikuwa adimu.

MZEE: Kweli kabisa. Lakini kuna tofauti moja, na hii niitoe kwa upande wako, Mwalimu wa Historia. Redio haikutusikia. Tulijua mambo ya mto wetu ambayo yule mtangazaji Dar es Salaam hakuyajua, na hatukuwa na njia ya kumwambia. Yalibaki chini ya mti.

Hili ningependa msomaji alishike. Nchi hii ilifundishana kwa njia shirikishi kabla ya mtandao, kwa kampeni zilizofuatana: Wakati wa Furaha 1971, Mtu ni Afya 1973, Chakula ni Uhai 1975. Chombo kilikuwa cha kusema upande mmoja, na watu wakakigeuza kuwa cha pande mbili kwa kukaa pamoja. Leo tuna chombo kinachosikia, nasi mara nyingi tunakitumia kutangazia tu. Tunatuma faili la maswali kwenye grupu, tunasema tumefundisha kidijitali.

DADA: Mimi nilipokuwa Ardhi niliikuta kazi ya Ramani Huria. Ilianza 2015, kwa sababu ya mafuriko ya Dar es Salaam. Kata nyingine, ramani ya kawaida ilikuwa haionyeshi kitu, doa tu lenye barabara kubwa pembeni. Wanafunzi walipelekwa mtaani na simu na karatasi, wanatembea na wajumbe na wakazi, wanachora nyumba, vichochoro, mitaro, halafu wanaingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuiona na kuirekebisha. Kibera, Nairobi, vijana walifanya hivyo 2009. Niwaambie kilichonifundisha mimi. Darasani, mtaro ukiuchora vizuri unapata alama. Mtaani, mama anayeishi kando ya mtaro anakwambia: maji hayaendi huko mnakochora, njoo uone ukuta wangu. Na ukuta una mstari wa tope hadi kiunoni. Mchoro wangu ulikuwa safi na ulikuwa wa uongo. Hakuna mhadhiri angeweza kunisahihisha vile.

MAMA: Naomba nami niseme, maana gari likija nitaondoka. Walimu wangu, mimi sikusoma sana, lakini hilo la ramani nimelielewa na la redio nimelielewa. Hofu yangu iko kwingine. Binti yangu yuko kidato cha pili. Atakayemsahihisha huko mtandaoni ni nani? Mwanamume wa wapi? Akishamsahihisha ataishia hapo, au kesho atamuuliza unaishi wapi, una umri gani, nitumie picha? Hapa kijijini mgeni akizungumza na mtoto, tunamwona. Huko nani anamwona?

HISTORIA: Mama, mazungumzo ya majadiliano yanaonekana na kila mtu, hayafichwi.

MAMA: Mwanzo huwa hayafichwi, Mwalimu. Na si wageni tu. Muhula uliopita, sitaji shule wala mwalimu, matokeo ya watoto yaliwekwa kwenye grupu la wazazi. Majina yote, alama zote. Wazazi zaidi ya themanini tukasoma kwamba binti yangu kapata 11 katika Fizikia. Kufikia jioni nikaulizwa sokoni. Mtoto akakaa siku mbili hataki kwenda shule. Aliyeweka hakuwa mbaya. Aliona ni urahisi. Huo urahisi ndio unaonitisha.

Hakuna aliyejibu upesi, na sikutaka kumpa yeyote jibu la upesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na Kenya walikuwa na yao tangu 2019. Lakini sheria haikai kwenye kidole kinachobonyeza "tuma". Walimu wengi wanaofundisha kwa mtandao hawajawahi kuketishwa nusu siku wakaambiwa: jina la mtoto ni mali yake, alama yake ni mali yake, picha yake ni mali yake. Katika mjadala mzima huu, hoja ya Mama ndiyo ambayo pendekezo la Mwalimu wa Historia halikuwa limejiandaa nayo, na alijua.

HISTORIA: Mama, nakubali. Niseme ninachoweza kufanya, na kisichotosha uniambie. Wikipedia haidai jina la kweli wala picha wala umri. Mtoto hatajiita jina lake. Hatataja shule. Kazi itafanyika hapa hapa, kishikwambi changu, mchana, na mimi nimekaa. Wakimaliza, kishikwambi kinarudi kwenye mkoba wangu. Mtu akiandika jambo nje ya kazi, nitaliona kabla ya mtoto.

MAMA: Na nyumbani?

HISTORIA: Nyumbani hakuna kazi ya mtandao. Nyumbani ni kuuliza wazee na kuandika kwenye daftari.

MAMA: Hilo la wazee ndilo jema.

TAALUMA: Ndilo jema na ndilo litakalowakwamisha! Nimesoma masharti yao, msidhani nimekuja mikono mitupu. Hawakubali neno la mzee. Wanataka kitabu, gazeti, chapisho. Mtoto akiandika "nimeambiwa na babu yangu", linafutwa. Kwa hiyo mnampeleka mtoto kwa babu yake, kisha mnamwambia babu yako si chanzo. Ni fundisho gani hilo? Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, alilalamikia jambo hili hili: shule inamfanya kijana aone elimu yote imo vitabuni na kwa wasomi, na ya wazee wake si kitu.

Hii ni hoja nzito, na imetoka kwa mtu niliyetarajia aseme habari za ratiba. Mzee ananyanyuka, anakwenda kwenye kabati la vitabu lenye kioo kilichopasuka. Anachukua muda. Anarudi na kitabu kisicho na jalada la mbele.

MZEE: Habari za Wakilindi. Kimeandikwa na Abdallah bin Hemedi, kwa Kiswahili, zaidi ya miaka mia iliyopita, kikachapwa upya 1962. Habari za Mbegha mwindaji, alivyoingia milima hii, alivyofanywa mfalme Vuga. Je, Abdallah alizitoa kitabu gani? Hakuna kitabu. Alizitoa vinywani mwa watu, na nyingine alizishuhudia mwenyewe, maana alitumikia watawala hao. Akaja Feierman, Mmarekani, miaka ya 1960, akakaa na wazee milimani humu, akauliza, akaandika, na 1974 kikatoka kitabu chake cha ufalme wa Washambaa. Sasa mtoto akimnukuu Feierman anakubaliwa. Neno ni lile lile la mzee wa Usambara. Limekwenda Marekani likarudi na cheti.

TAALUMA: Ndicho ninachosema.

MZEE: Hapana, mwanangu, si ndicho unachosema. Wewe unasema tuache. Mimi nasema Abdallah aliandika. Angebaki kusimulia, tungekuwa na kipi leo? Na Feierman hakuandika kila alichoambiwa. Alimuuliza wa ukoo huu, akamuuliza wa ukoo ule, akaweka maneno yao pamoja akaona yanapopishana. Mzee mmoja anaweza kusahau. Anaweza pia kupendelea ukoo wake. Mimi mwenyewe nampendelea babu yangu nikimsimulia. Kumuuliza mzee "wewe umelijuaje?" si utovu wa adabu ukijua namna ya kuuliza.

HISTORIA: Na wapo walioliona tatizo hilo. Mwaka 2011 walifanya majaribio India na Afrika Kusini, wakarekodi watu wakieleza mambo ambayo hayajaandikwa popote, ili kauli ile iliyorekodiwa itumike kama chanzo. Kanuni haijabadilika kwa hilo, ubishi unaendelea. Nataka watoto wangu wauingie ubishi huo. Waandike pale kwenye majadiliano: nchi ambayo habari zake nyingi ziko vinywani, mnataka tufanyeje? Hilo ni swali la historia kubwa kuliko lote nililowahi kuwapa.

DADA: Watamuuliza nani, kwa Kiingereza?

HISTORIA: Kwa Kiswahili. Ndiyo maana nimechagua ya Kiswahili. Sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili tunalifundisha kwa Kiswahili. Nimeona tofauti. Mtoto aliyekuwa akinyamaza muhula mzima anabishana.

TAALUMA: Hiyo ya Kiswahili ndiyo inayonitia shaka zaidi. Mnajua yaliyowapata Waskoti? Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya lugha yao iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua. Alianza akiwa mtoto. Alikuwa akichukua Kiingereza, anabadilisha maneno mawili matatu kwa kamusi, anaweka. Maelfu na maelfu ya makala, miaka. Na hiyo ni kabla ya akili unde. Leo mtoto wa kidato cha pili ataiambia mashine "niandikie habari za kata yangu", itamwandikia kurasa tatu, nusu yake imebuniwa, kwa Kiswahili cha kutafsiri. Nanyi mtakuwa mmeongeza takataka kwenye lugha yetu.

HISTORIA: Kwa nini yule kijana aliweza?

TAALUMA: Kwa sababu hakuna aliyemzuia.

HISTORIA: Kwa sababu wenye lugha hawakuwapo. Shamba lisilo na mwenyewe huota chochote. Hatari unayoitaja ni ya kweli, na dawa yake si sisi kukaa mbali. Mashine imwandikie mtoto kurasa tatu, sawa. Nitazichapisha, nitawapa kikundi wazipitie wao, si mimi, mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Huu mto unaotajwa uko wapi? Mlima huu upo? Soko hili nani analijua? Kitabu hiki kilichotajwa kimo kabatini mwa Mzee? Mtoto wa kata hii ndiye mtu pekee duniani anayeweza kusema kwa uhakika kwamba mashine imedanganya kuhusu kata hii.

Nimewahi kuona kurasa za aina anayoiogopa Mwalimu wa Taaluma: Kiswahili ambacho kila neno lake limo kwenye kamusi na hakuna sentensi hata moja ambayo mtu angeitamka. Zinaumiza kusoma. Na kila anapotokea mtu wa kuzirekebisha, ni walewale wachache wa kujitolea, usiku, baada ya kazi zao. Shule za sekondari za nchi hii zina vijana wanaokijua Kiswahili kwa masikio tangu utotoni, na tunawaambia mtandao ni mahali pa kupotezea muda. Kwenye jambo hili sina msimamo wa katikati.

TAALUMA: Haya. Tuseme nimekubali wazo. Nataka mambo ya utekelezaji, maana hapo ndipo miradi hufia. Kwanza, kunakili. Watachukua kitabu cha Taasisi ya Elimu, watamwaga humo aya nzima.

HISTORIA: Itafutwa, ni hakimiliki. Watasoma, watafunga kitabu, wataandika kwa maneno yao, watataja kitabu. Tumekuwa tukiwaambia hivyo kwa midomo tu. Sasa watakutana na matokeo yake.

TAALUMA: Akaunti. Darasa litumie moja?

HISTORIA: Hawaruhusu akaunti ya watu wengi. Moja, mtu mmoja. Kila kikundi kitakuwa na katibu, katibu ndiye mwenye akaunti, kwa jina la kubuni. Na hawaruhusu kufungua zaidi ya sita kwa siku kutoka mtandao mmoja, kwa hiyo vikundi vitano.

TAALUMA: Nywila?

HISTORIA: Kwenye bahasha, kabatini kwako.

TAALUMA: Bando?

Kimya. Hapa ndipo kila mpango wa namna hii hufika, nami sitaujaza ukimya huu kwa jibu la kufariji. Mwalimu analipa bando kutoka mshahara wake. Amefanya hivyo tangu 2020 na hakuna fungu linalomrudishia. Shule inapokea fedha za chaki na karatasi. Intaneti kwa wengi bado ni jambo la mwalimu binafsi.

MZEE: Rasimu ziandikwe kwenye daftari. Mtandao ni wa kuingizia tu, na wa kusoma majibu. Saa moja kwa wiki. Tulikuwa tunazima redio kipindi kikiisha, betri ikatufikisha wiki ya 12.

TAALUMA: Saa moja kwa wiki, baada ya vipindi, Alhamisi. Na mtihani wa muhula wa Historia nitautazama. Wakishuka, tunafunga.

HISTORIA: Utazame na insha zao pia. Siyo alama tu.

TAALUMA: Nitatazama.

Mama alikuwa amekivuta kishikwambi, anausoma ule ukurasa wa kata kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma barua. Akafika mwisho upesi, maana ni mfupi. Akarudi juu akaanza tena.

MAMA: Hawakuandika gulio.

HISTORIA: Bado hakuna aliyeandika.

MAMA: Gulio letu ni kubwa. Magari yanatoka Tanga, yanatoka mpaka Dar es Salaam, kufuata kabichi na matunda. Mtu akisoma hapa atadhani hapa tunalala tu. Andika: kuna gulio mara mbili kwa wiki.

TAALUMA: Mama, chanzo kiko wapi?

Nilimtazama Mwalimu wa Taaluma. Hakuwa anamkomoa. Alikuwa ameinama mbele, kalamu mkononi, anataka kujua.

MAMA: Chanzo ni mimi, ninauza pale. Tena ninalipa ushuru wa halmashauri kila gulio, risiti zote ninazo kwenye kopo.

MZEE: Risiti si chapisho, mwanangu. Lakini ushuru hautozwi hewani. Unatozwa kwa sheria ndogo, na sheria ndogo za halmashauri hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikiwa gulio limetajwa mle, hapo una kitu cha kuonyesha.

HISTORIA: Nakala itakuwa wapi?

MZEE: Kaanzieni kwa mtendaji wa kata. Asipokuwa nayo, atasema nani anayo.

Honi ya gari ikasikika barabarani. Mama akajifunga kanga vizuri, akachukua mfuko wake.

MAMA: Jumatatu nitapita kwa mtendaji asubuhi kabla ya shamba. Mnipe mtoto mmoja anayeandika vizuri.